Mitupo Miwili ya Ciru

Kabuchai, Bungoma
9 Februari 2003

Dada Nyambu,

Sisi huku ni wazima. Wifi yako Wilkista anakuamkia, ingawa nimemwambia salamu zake zitapotea kama zile za Krismasi ambazo hukujibu. Mahindi tumeyaanika mara mbili kwa sababu ya mvua ya wazimu. Ng'ombe wa baba mkwe amezaa ndama dume. Habari za nyumbani ni hizo.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Ciru ameingia mwaka wa pili kwako. Sikumleta Kitale kwa kukosa shule Bungoma. Mimi mwenyewe ni mwalimu na shule nazijua. Nilimleta kwa sababu piano ya mama iko sebuleni kwako, na kati yetu wawili ni wewe uliyefundishwa. Kwa hivyo nataka kila mwisho wa mwezi uniandikie binti yangu amefika wapi. Mwaka jana ulisema amemaliza ile preludi ya Bach ya C. Vizuri. Mwaka huu aingie kwa Beethoven, ile sonata ya mwangaza wa mwezi, na mwezi wa kumi akae mbele ya mtahini kule Eldoret.

Kaseti ya hiyo sonata ninayo. Nikitoka uwanjani jioni, vumbi bado miguuni, naiweka na kuusikiliza ule mkono wa kulia unavyotembea tatu tatu, polepole, kama mtu anayepita nje ya chumba cha mgonjwa. Hapo najiambia kuna mtu mmoja katika ukoo huu ambaye hatazeeka na filimbi shingoni.

La mwisho. Nasikia shule yake ina timu ya mpira wa kikapu. Asiuguse. Kocha mmoja kwa familia anatosha, na kidole kikiteguka hakuna sonata.

Msalimie Ciru, Maitu wangu. Tangu alipopewa jina la mama yetu sijawahi kumwita kingine ila Maitu, mama yangu kwa lugha yetu, na hata akiwa na wajukuu nitamwita hivyo.

Usipige simu ya shule. Karani husikiliza.

Kabiru


Kitale
2 Machi 2003

Kabiru,

Barua yako ilifika siku ya tatu. Niliiacha juu ya kabati wiki mbili ipoe kwanza, lakini nilipoifungua bado ilikuwa inachoma.

Mimi sijambo, magoti tu. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoahidi kulirekebisha, siku tulipomzika mama. Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na sita, nakukumbusha. Mwambie Wilkista nimezipata salamu, na kwamba sina ugomvi naye.

Ulipokuwa unaandika ulikuwa na filimbi mdomoni? Maana naona unaniamuru kama mmoja wa wasichana wako wa timu. "Nataka." "Aingie." "Asiuguse." Mimi ni mkubwa wako kwa miaka mitatu, na mtoto huyu anakula kwangu, analala kwangu, na homa yake naikesha mimi.

Sonata ameianza. Kurasa mbili za kwanza anazisoma bila shida. Mkono wa kushoto bado ni mzito, lakini hiyo ni kazi yangu.

Katoni lako la magazeti ya makocha wa kikapu wa Amerika bado liko chini ya kitanda changu. Panya wamelikataa. Mimi nimeanza kulisoma. Huyo mzee Auerbach, aliyekuwa akiwasha sigara kwenye benchi akishajua ameshinda, nimeona mnafanana kwa majivuno. Tofauti ni kwamba yeye alichukua ubingwa mara tisa.

Maitu wako anakusalimu.

Nyambu


Kabuchai
6 Aprili 2003

Dada Nyambu,

Huku ni wazima. Wilkista alisumbuliwa na jino, likang'olewa. Tumepanda.

Nimeisoma barua yako mara tatu na kuna kitu kinanikwaruza. Tangu lini ukasoma magazeti yangu? Miaka yote uliyaita takataka za watu warefu. Sasa unamjua Auerbach mpaka sigara yake. Kama umeyafikia ya juu kabisa utaona kocha Jackson naye amefikisha tisa, kwa hivyo wamefungana, na anayetaka kumi yuko bado kazini. Lakini hayo yanakuhusu nini? Wewe shughulika na piano.

Na maelezo yako ni mafupi mno. "Mkono wa kushoto ni mzito." Hata mimi nisiyefundishwa ningeweza kuandika hivyo. Anaikanyagaje pedali? Zile noti za juu za wimbo, anaziimbisha au anazipigapiga tu kama mlango? Nataka kusikia mwenyewe. Chukua ile redio yako ya kunasa sauti, uiweke juu ya piano, Ciru apige sehemu ya kwanza yote, unitumie kaseti.

Kwangu kazi ni nyingi. Mwaka huu nina timu ambayo sijawahi kuwa nayo. Tarehe 19 Julai kuna Kombe la Mlima pale Webuye, shule za Bungoma na za Kitale. Nina miaka kumi na nne shuleni hapa na kabati la mwalimu mkuu halina kombe hata moja langu. Safari hii nitalitia.

Kaseti, Nyambu. Si maneno.

Kabiru


Kitale
11 Mei 2003

Kabiru,

Hatujambo. Mvua imekubali. Kanisani wamenipa kwaya ya watoto, nao wanaimba kama kuku waliofungiwa.

Kaseti hii hapa. Nimeifunga kwa kitambaa isivunjike. Amepiga sehemu ya kwanza yote bila kusimama. Isikilize, halafu uniache nipumue.

Nyambu


Kabuchai
1 Juni 2003

Nyambu,

Sitakusalimia.

Niliiweka kaseti Jumapili baada ya chakula. Nilimwita Wilkista akae, nikamwambia, "Njoo umsikie mtoto wako." Hata dakika moja haikuisha nikasikia mtu anaguna chini ya muziki. Mmm, mmm, mmm, kama ng'ombe anayekamuliwa. Mama alikuchapa mgongoni kwa rula miaka mingapi kwa sababu ya kuguna kule, na hujaacha mpaka leo una miaka arobaini na tisa! Ciru hupiga piano meno yamefungwa. Yule alikuwa wewe. Umenitumia mikono yako na kuniambia ni ya mtoto wangu.

Wilkista aliinuka akaniambia, "Hii mambo yenu ya piano mtajua wenyewe," akaenda kupalilia. Nilibaki na redio.

Kwa nini unanidanganya? Mtoto hajui kupiga? Au umemwacha bila kumfundisha, kwa sababu ni wangu?

Nakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia. Piano ilipoletwa nyumbani, mzungu alipouza shamba na kuondoka, nilikuwa na miaka saba. Nilipanda kwenye ile stuli kabla yako. Mama akaishika mikono yangu, akaigeuzageuza, akasema vidole hivi ni vya jembe. Akafunga kifuniko. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unacheka. Kesho yake ukakalishwa wewe. Nimeishi nikisikia piano kutoka nje ya dirisha. Nikampata binti mwenye vidole virefu na jina la mama, nikakupa wewe umfundishe, wewe uliyecheka. Huo ndio ujinga wangu.

Shule zikifungwa mwezi wa nane nakuja kumchukua.

Kabiru


Kitale
22 Juni 2003

Kabiru,

Mimi nitakusalimia, maana nililelewa vizuri. Hujambo?

Sikucheka. Nililia. Nilisimama pale mlangoni nikiomba Mungu mama afunge kile kifuniko asije akaniita mimi. Kama ulisikia kicheko, ulikitaka wewe mwenyewe ili upate wa kumchukia.

Na mimi nina langu. Mwaka wa sitini na tisa nilichaguliwa timu ya mpira wa kikapu ya shule. Nilikuwa wa kwanza darasani kwetu. Masista walinipa raba nyeupe, mpya. Wiki moja tu nilizivaa. Mama akasema mpiga piano hakimbilii mpira, akaharibu vidole; akazichukua akakupa wewe. Ulizivaa mpaka kidole gumba kikatoka nje. Ulinipita nazo dirishani ukidunda mpira, na mimi niko kwenye stuli na Chopin wa mama, ule wimbo wake wa usiku, noktani ya E, nikirudia ukurasa mmoja wiki nzima. Wewe ulipewa uwanja wangu nami nikapewa stuli yako. Tofauti ni kwamba mimi sijamtuma mtoto wa mtu akanidaie.

Hilo la mwisho nimeliandika nikalitazama. Sitalifuta.

Njoo mwezi wa nane kama unataka. Labda tutaonana kabla ya hapo.

Nyambu


Kabuchai
21 Julai 2003

Nyambu,

Nyoka wewe.

Jumamosi nilikuwa nimesimama Webuye na ubao wangu wa kuandikia, nikawaona wasichana wa Kitale wanaingia kwa fainali. Namba nne, namba saba, halafu namba tisa. Nikasema moyoni yule wa tisa anatembea kama mtu ninayemjua. Ni binti yangu. Ni Ciru, kwa kaptura na fulana ya shule nyingine, anakuja kunicheza mimi. Na nyuma ya kamba, kwenye mashabiki, dada yangu na mkoba wake wa kanisani.

Hukuniambia kwa sababu ulitaka kuiona sura yangu. Natumaini uliishiba.

Sasa najua miezi mitano mlikuwa mnafanya nini. Alitufunga pointi kumi na tisa. Niliwapa wasichana wawili wamkabe na akawapita. Kabla ya kutupa nilimwona midomo inatembea, anahesabu. Nikasema huyo amefundishwa na nani? Kocha wao ni kijana wa hesabu, simjui kwa lolote. Sijawahi kuona mkono mwororo vile, na nimefundisha wasichana mia tatu.

Hata hivyo tulishinda. Arobaini na moja kwa arobaini. Sekunde nne zilikuwa zimebaki, Ciru akapewa mitupo miwili ya adhabu. Angeingiza yote miwili wangechukua kombe. Alikosa yote. Ni presha. Hata wakubwa hukosa. Kombe liko kwa kabati la mwalimu mkuu na wazazi wameniletea jogoo.

Mwisho wa mchezo alipanda basi bila kunisalimia, na wewe hukumwambia anisalimie. Shule zikifungwa tarehe moja mtume kwa basi la asubuhi. Sitaki maelezo.

Kabiru


Kitale
17 Agosti 2003

Kabiru,

Hakuja, kama ulivyoona. Sikumzuia. Nilimfungia mkoba mwenyewe, nikampeleka hadi stendi, akageuka akarudi nyumbani kwa miguu kupitia Kipsongo, mkoba kichwani. Nilimkuta amekaa jikoni. Mimi shangazi yake nikamwambia baba yako anangoja. Akasema, "Sitaki, Tata." Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kuosha vikombe.

Amekuwa hivyo tangu Webuye. Anakula, anafua, anafagia, anaitikia akiitwa Ciru. Lakini mtoto aliyekuwa akinisumbua kwa kelele hayumo tena. Piano hagusi. Mpira uko chini ya kitanda chake tangu siku ile.

Wacha nikiri, nawe utulie usome. Nilikudanganya. Sonata hakuwahi kuianza. Tulifika Bach, akaipiga sawasawa bila kosa, kama mtu anayepanga vyombo. Akimaliza anauliza, "Tata, naweza kutoka sasa?" Siku moja nilimfuata nikamkuta nyuma ya stoo ya mahindi anatupa mpira kwa pete ya debe aliyoipigilia ukutani. Nilisimama pale nikiwa na miaka kumi na tano tena. Nikaenda nikalitoa katoni lako.

Nilimfundisha vile nilivyofundishwa piano, maana sijui njia nyingine. Mkono mmoja kwanza. Polepole mpaka ichoshe. Nikamwekea metronomu ya mama pale kwenye jiwe, ile saa ya mbao ya kuhesabu mapigo, na asitupe mpaka mapigo mawili yapite. Nilisoma kwamba Jackson huwakalisha wachezaji wake kimya, macho yamefungwa. Basi nami nilimkalisha Ciru kwenye stuli, macho yamefungwa, mikono magotini. Kumi kwa kumi alikuwa anaingiza, Kabiru. Nilimhesabia mimi. Kumi kwa kumi, siku baada ya siku, hata upepo ukivuma.

Mtoto wa namna hiyo hakosi miwili mfululizo kwa presha. Nilikuwa upande wa pili, kwa wauza miwa. Watu walinyamaza alipopewa mpira. Niliona akihesabu. Halafu nikakuona wewe umejongea mpaka ukingo wa benchi yako, na mdomo wako ukafunguka. Sikusikia. Niliona tu shingo ya Ciru inageuka upande wako, na mpira unatoka mkononi.

Swali langu ni moja na nataka jibu moja. Ulimwambia nini pale mstarini?

Nyambu


Kabuchai
14 Septemba 2003

Dada Nyambu,

Salamu. Tumeanza kuvuna. Wilkista alilala siku mbili, malaria, sasa ameamka. Anauliza kila asubuhi kama kuna barua kutoka Kitale. Aliniambia, "Mumefanya mtoto wangu kamba ya kuvutana, kila mtu na upande wake. Si mniletee mtoto."

Kuhusu swali lako. Umekaa na magazeti miezi mitano ukadhani umekuwa kocha. Mchezo si kanisa. Makocha hupiga kelele dakika zote arobaini. Hata kule Amerika kwa wakubwa, mtu akienda kutupa adhabu mashabiki hupunga vitambaa nyuma ya ubao, wanaruka, wanazomea, ili akose. Ni sehemu ya mchezo. Kocha hutumia alicho nacho. Nilisema kitu cha kawaida, neno la kila siku, wala sikupaza sauti. Refa alikuwa karibu na hakuona kosa.

Kwa hivyo usimjaze mtoto maneno.

Anakula vizuri? Mtahini wa Eldoret nilimwandikia kwamba hatakuja. Kaseti ya sonata nimeiweka mbali kwa sasa.

Mwambie aniandikie, hata mstari mmoja.

Kabiru


Kitale
28 Septemba 2003

Kabiru,

Leo hakuna salamu.

Amesema. Nilimsomea barua yako tukiwa tunachambua maharagwe, nikafika pale "neno la kila siku", akaweka ungo chini.

Ulimwita Maitu.

Aliniambia hivi, naandika kwa maneno yake: "Tata, hakuniita kama mtu wa mpira. Aliniita kama ya nyumbani. Ile sauti ya chini, kama ananiita nimletee maji. Si mimi nikajua kuna kitu mbaya? Nilidhani kifua kimemshika, ile ya mwaka juzi. Nikaangalia. Nikaona amesimama tu, ako sawa, anangoja nikose."

Mpira wa kwanza ulitoka akiwa anakutafuta wewe kama umeanguka. Wa pili aliutupa haoni pete kwa machozi. Halafu filimbi ikalia, na wewe ukainuliwa mabegani.

Vitambaa nyuma ya ubao hupungwa na mashabiki, Kabiru. Si na baba wa mtupaji.

Jina la mama yetu, ulilompa mtoto siku ya kwanza akiwa hajafungua macho, umelitumia kuiba pointi mbili mbele ya wauza miwa. Mimi nilidanganya kwa kaseti na sijivunii. Lakini mimi sikumgeuza mama kuwa mtego.

Usiniandikie tena mambo ya Amerika.

Nyambu


Kabuchai
19 Oktoba 2003

Dada yangu,

Barua hii nimeiandika mara nne. Naomba umsomee Ciru yote, usiruke.

Ni kweli. Nilimwita Maitu, na nilijua atageuka. Hiyo ndiyo nilikuwa nimejaribu kuificha hata kwangu. Haikunitoka mdomoni kwa bahati mbaya. Nilisimama pale nikiona miaka kumi na nne inaniponyoka kwa sekunde nne, nikatafuta nina nini mfukoni ambacho hakuna kocha mwingine anacho, nikakipata. Nililiita kwa sauti ya chini kwa sababu nilijua ile ya chini ndiyo huwa haikatai. Alipogeuka nilimwona usoni. Alikuwa na hofu juu yangu. Nami nilifurahi, Nyambu. Nusu sekunde, lakini nilifurahi. Waliponiinua nilikuwa bado nafurahi. Ni jioni nyumbani, Wilkista aliponiuliza, "Mtoto alikuambia nini?", ndipo nilipoinuka nikaacha chakula.

Nimemwambia mwalimu mkuu kombe walirudishe Webuye. Alinicheka. Alisema hakuna kosa lililoandikwa. Basi lipo kwa kabati, nami nalipita kila asubuhi nikienda kuchukua chaki.

Ciru, mwanangu. Sikukuleta Kitale uipende piano. Nilikuleta unichukulie kitu nilichonyimwa, na ulipokwenda kuchukua cha kwako nikakunyang'anya. Cheza mpira. Cheza kwa Kitale, cheza dhidi yangu, nifunge hamsini. Piano si lazima. Sonata si lazima. Nilikuona ukitupa, na hata kabla ya yale yote nilikuwa nimesahau ubao wangu chini kwa kukutazama. Ningekuambia siku ileile kama ningekuwa baba.

Nataka kuja Jumamosi ya kwanza ya Disemba. Sitaingia kama hutaki. Nitasimama langoni na wewe utasema. Naomba kitu kimoja tu, uniruhusu niendelee kukuita Maitu. Sina jina lingine lako mdomoni. Nimejaribu, halitoki.

Baba yako,
Kabiru


Kitale
9 Novemba 2003

Kabiru,

Nimeipata barua. Niliikalia siku sita kwa sababu sikuamini kwamba ni wewe uliyeiandika, na kwa sababu nilikuwa nataka kuendelea kukuchukia kidogo kabla ya kumsomea. Sisi ni wazima. Mahindi yako stoo.

Nimesoma yote. Sikuruka. Tulikuwa nyuma, yeye na mpira wake, mimi kwenye gogo. Amerudia kucheza wiki ya tatu sasa. Metronomu ameniambia nirudishe ndani, hataki kuhesabiwa na mtu. Hata mimi nikae tu nisiseme kitu.

Usidhani nilitoka salama. Nilipofika pale unaposema hukuwa baba, alinigeukia akaniuliza, "Na wewe Tata, ulinipeleka Webuye nicheze, ama ulinipeleka umuonyeshe?" Nilitafuta uongo sikuupata. Nikamwambia yote mawili. Akasema, "Nilijua," akatupa mpira, ukaingia. Tangu siku hiyo ananipikia chai kama kawaida lakini haketi nami akinywa. Kwa hivyo kama unaniwazia kwamba nimeshinda, acha.

Disemba uje. Hajasema usije. Wilkista umlete, Ciru amemuulizia mara mbili, na amesema likizo ya Disemba atakwenda Kabuchai kwa mama yake kuanika mahindi, si kwako. Hayo ni maneno yake. Utamkuta hapa langoni na utamsalimia kama watu wanavyosalimiana. Mimi nitapika.

Nilimsomea ombi lako la mwisho mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anadunda mpira na sikuwa na hakika kama amesikia. Mara ya pili aliushika mpira chini ya kwapa akasikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Mwambie mama yake alikufa. Mimi ni Ciru."

Nimeandika kama alivyosema, sikupunguza neno. Usiniulize kama alilia.

Dada yako,
Nyambu